Vifaa vya Kulala Mlimani: Tochi, Kisu, Hema na Yule Anayevibeba

(Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya vikundi vya kujisaidia vya pande za Mlima Kenya vinavyotaka kuanzisha stoo ya kukodisha vifaa vya kupigia kambi.)

Tumeombwa tuzungumze juu ya vifaa vya kupigia kambi, maana vikundi kadhaa hapa vimesema vinataka kuchanga pesa, kununua mahema, mifuko ya kulalia, tochi na visu, halafu kuvikodisha kwa wageni wanaopanda mlima. Wazo ni zuri. Sisi pia hiyo ndiyo kazi yetu: tunaongoza wageni, tunabeba mizigo, na tunatunza stoo ya kikundi chetu. Kwa hiyo tutasema yale tunayoyashika kwa mikono kila siku.

Lakini kwanza tuwaulize swali. Mgeni mmoja akipanda, anapanda na watu wangapi? Kuna mwongozaji, kuna mpishi, kuna mpagazi mmoja au wawili. Kikundi kikinunua vifaa vya mgeni peke yake, kimenunua nusu ya vitu vinavyotakiwa. Mgeni atalala vizuri, na mtoto wa jirani yako atakaa macho usiku kucha akitetemeka ndani ya koti la kuendea sokoni. Kama mnaanzisha stoo, basi hesabu ya kwanza iwe ni ya hao wanaobeba. Tutarudi hapo mara nyingi, msichoke.

Hesabu ya baridi

Sisi watu wa hapa tunauona mlima kila asubuhi hata tumeuzoea, kama mtu anavyozoea mwenye duka. Kumbe wengi hatujawahi kulala huko juu. Kilele cha Batian kina mita 5,199 na Nelion mita 5,188. Hivyo ni vya watu wa kamba. Lenana, ambako wageni wengi hufika kwa miguu tu, ni mita 4,985. Mji wa Nanyuki uko kwenye mita 1,950 hivi. Sasa shikeni kanuni hii: ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Kutoka Nanyuki hadi Lenana ni mita 3,000 na kidogo, basi toa 18. Kama usiku wa Nanyuki una nyuzi 10, Lenana kuna nyuzi 8 chini ya sifuri, na bado hujahesabu upepo. Maji ya chupa yanaganda. Hiyo ndiyo hali ambayo vitu vyenu vitakutana nayo, na kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya kulala uani pale nyumbani hakitaiweza.

Mfuko wa kulalia, ule vijana wetu huuita slipingi begi, huwa na kitambulisho chenye namba za baridi. Mingi iliyotengenezwa kwa kipimo cha Ulaya huonyesha namba tatu. Ya kwanza ni ya kulala kwa raha. Ya pili ni ya kuvumilia. Ya tatu ni ya hatari, yaani mtu atatoka hai lakini hatalala, na huenda akaumia. Mwenye duka atakuonyesha hiyo ya tatu kwa sababu ndiyo inayopendeza macho. Wewe soma ya kwanza. Kama ya kwanza inasema nyuzi 5 juu ya sifuri, huo ni mfuko wa kambi za chini, haufai kambi ya Shipton au Mackinder, ambazo ziko kwenye mita 4,200 hivi.

Ndani ya mfuko kuna ama manyoya laini ya bata ama pamba ya kiwandani. Manyoya ni mepesi na yana joto zaidi, lakini yakilowa yanashikana kama ugali uliolala, na joto lote linakwisha. Kwa stoo ya kukodisha, ambapo leo ni mtu huyu na kesho ni yule, sisi tunapendelea pamba ya kiwandani. Ni nzito kidogo, lakini ikilowa bado inasaidia, na kuifua ni rahisi. Mkifika nyumbani msiuache mfuko umebanwa ndani ya kikoba chake. Utundike, au uweke ndani ya gunia kubwa ukiwa umelegea. Ukikaa umebanwa miezi mitatu, ile pamba inalala na haiamki tena.

Jambo ambalo watu hawaliamini mpaka walione: baridi kubwa hutoka chini. Mfuko mzuri juu ya ardhi tupu ni kazi bure, kwa sababu uzito wa mwili unaibana ile pamba ya chini na ardhi inavuta joto. Godoro jembamba la povu, lile la kukunjwa kama mkeka, ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika stoo, na ndicho tunachokiona kimesahauliwa mara nyingi. Hesabuni magodoro kwa vichwa vya watu wote, mpishi na mpagazi pia.

Na nguo? Hapa soko la mitumba ni rafiki yetu. Gikomba, na hata katika masoko ya hapa kwetu, utapata jaketi za mvua, sweta za sufu, kofia na glavu zilizotoka nchi za baridi. Kitu cha kukataa ni pamba ya kawaida na jinzi. Jinzi ikilowa haikauki siku hiyo, na inakamua joto mwilini. Sufu, au kile kitambaa chenye manyoya mafupi kinachoitwa flisi, hata kikiwa na unyevu bado kina joto. Zipu ijaribuni mara kumi kabla ya kulipa. Fundi wa cherehani anaweza kubadilisha zipu, lakini bei yake iongezeni kwenye hesabu.

Mpagazi aliyelowa na kuchoka huanza kwa kutetemeka. Baadaye anajikwaa, anaongea kama mlevi, anajibu mambo ambayo hakuulizwa. Halafu anaacha kutetemeka. Wenzake wanafikiri amepata nafuu, kumbe hapo ndipo hatari imekuwa kubwa. Mvueni nguo zilizolowa, mumvike kavu, mumwingize ndani ya mfuko juu ya godoro, kichwa kifunikwe. Kama anaweza kumeza, apewe chai ya moto yenye sukari nyingi. Pombe hapana, hata kidogo. Msimsugue mikono na miguu, na msimlazimishe kutembea. Kisha mtafute msaada wa kumteremsha.

Jiko lisiingie hemani

Hapa tunaomba mtusikilize vizuri, hata wale ambao hawana haja na mlima.

Usiku ukiwa mbaya, mtu hushawishika kuingiza jiko la makaa ndani ya hema na kufunga zipu. Anasema makaa yameshawaka mekundu, hayana moshi, yana ubaya gani? Ubaya ni ile hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa. Haina rangi, haina harufu, huwezi kuiona. Inaingia kwenye damu na kukaa mahali ambapo hewa safi ingekaa. Mtu anaumwa na kichwa, anasikia kichefuchefu, anasinzia. Akisinzia, hafungui zipu tena.

Sasa kwa nini mlimani ni vibaya zaidi? Kwa sababu ugonjwa wa kupanda juu kwa haraka nao huanza hivyo hivyo: kichwa, kichefuchefu, uchovu. Watu wanaona mwenzao anaumwa na kichwa, wanasema ni mlima, alale atapona. Kumbe ni jiko. Kwa hiyo sheria ya stoo yetu haina mjadala: jiko la aina yoyote, la makaa, la mafuta ya taa au la gesi, haliwashwi ndani ya hema la kulala. Anayekodi tunamsomea kwa sauti kabla hajatia sahihi. Wengine hucheka, na sisi tunaendelea kusoma. Na nyumbani ni hivyo hivyo, jiko lenye makaa halilali chumbani pamoja na watoto.

Juu ya gesi kuna neno moja la biashara. Mgeni anayekuja kwa ndege haruhusiwi kusafiri na mtungi wa gesi, si mkononi wala kwenye mizigo. Kwa hiyo hata yule mwenye kila kitu atatafuta gesi hapa. Lakini angalieni mchanganyiko ulioandikwa kwenye mtungi. Gesi ya byutani peke yake haigeuki kuwa mvuke baridi ikifika kwenye sifuri, basi jiko linakoroma na kuzimika asubuhi ile mnayohitaji chai. Chagueni ile iliyochanganywa na propani. Stovu ya mafuta ya taa ya kupiga pampu haina taabu hiyo, ila inataka mtu anayeijua. Tena kwenye mita 4,200 maji huchemka kwenye nyuzi 86 hivi, si 100. Maharagwe makavu mtayachemsha mpaka mafuta yaishe. Yapikeni nyumbani, au msiyabebe.

Tochi

Usiku wetu hapa kwenye ikweta ni wa saa kumi na mbili, mwaka mzima. Jua likizama, giza linaingia mara moja. Mgeni kutoka Uingereza au Ujerumani, ambaye mwezi wa saba kwao kuna mwanga mpaka saa tatu au saa nne za usiku, hulisahau jambo hilo na kuja na tochi ya kusomea kitabu. Na safari ya Lenana huanza saa nane au saa tisa za usiku, ili watu wafike juu jua linapochomoza. Hiyo ni saa tatu, saa nne za kutembea kwenye mawe katika giza. Mtu asiye na tochi anategemea mwanga wa mwenzake, na huyo mara nyingi ni mpagazi. Anaweka mguu mahali ambapo mwanga ulikuwa, si mahali ulipo.

Nunueni tochi ya kufunga kichwani. Mikono inabaki huru kwa fimbo, kwa kamba ya hema, kwa sufuria. Taa iwe zile ndogo za elidi, maana zinakula betri kidogo sana kuliko glopu ya zamani na hazikatiki zikianguka. Mwangaza huhesabiwa kwa lumeni. Kwa kutembea njiani lumeni 100 zinatosha kabisa. Kuna maboksi yameandikwa maelfu na maelfu ya lumeni juu ya tochi ya bei ya soda. Msibishane na boksi. Nunueni moja ya kila aina, muziwashe zote jioni moja juu ya meza, mziache. Saa nne baadaye mtaona ipi bado inamulika ukuta na ipi imebaki kama sigara. Hilo jaribio la usiku mmoja litawaokoa pesa ya ishirini.

Betri nazo zina mambo yake. Zile za bei ya chini kabisa huchoka upesi, na baridi huzimaliza kabla ya wakati. Za alkalaini hudumu zaidi. Za lithiamu zisizochajiwa ndizo zinazoistahimili baridi kuliko zote, lakini bei yake mtaiona wenyewe. Ukilala kambini weka betri ndani ya mfuko wa kulalia, karibu na mwili, asubuhi zitakuwa na nguvu. Usichanganye mpya na kuukuu katika tochi moja, maana ile kuukuu inainyonya mpya mpaka inavuja. Tochi ikirudi stoo, toa betri siku hiyo hiyo. Ukikuta unga mweupe umetoka kwenye betri ya alkalaini, usiuguse kwa vidole vitupu. Tupa betri, chovya kitambaa kidogo kwenye maji ya ndimu au siki, pangusa zile chuma, kausha vizuri. Tochi nyingi zinazotupwa si mbovu, ni chafu tu. Na unapoibeba kwenye mzigo, geuza betri moja kichwa chini, haitawaka yenyewe njiani.

Vikundi vyenye stima au sola vinaweza kutumia tochi za kuchaji, na kwa miaka mingi ni nafuu. Lakini kule juu hakuna pa kuchajia, basi kwa usiku tatu au nne lazima iwepo tochi ya akiba. Betri ya lithiamu ya kuchajiwa ikivimba au ikigongwa ikabonyea, isirudishwe kwenye chaja. Huwaka moto, na stoo nzima ya nailoni iko pale karibu.

Kila tochi mnayokodisha ifungieni filimbi kwa kamba, ni shilingi chache. Halafu mfundishe: mtu aliyepotea au kuumia apulize mara sita katika dakika moja, anyamaze dakika moja, aanze tena. Usiku amulike mara sita vivyo hivyo. Anayesikia ajibu mara tatu. Ishara hii inajulikana na watu wa milima wa nchi nyingi, na haihitaji lugha wala mtandao wa simu.

Kisu

Vijana wakienda dukani hukimbilia kisu kikubwa chenye meno upande wa juu, kama cha sinema. Kinafanya kazi gani? Kambini kisu kinakata nyanya, kitunguu, kamba, mkate, bandeji. Kisu chenye makali ya urefu wa kiganja kinatosha. Panga liacheni nyumbani, kwani kukata miti ndani ya mbuga hakuruhusiwi hata kidogo.

Chuma ni cha namna mbili. Kile kisichoshika kutu ni kizuri kwa jikoni na kwa watu wanaosahau kupangusa. Kile cha kawaida, cha kaboni, hushika kutu ukikiacha na maji, lakini kunoa kwake ni rahisi na makali yake ni ya ajabu. Kama kisu ni cha kukodisha, chukueni kisichoshika kutu. Kama ni cha mpishi wenu anayekipenda kama mkewe, chukueni cha kaboni. Kwa vyovyote tazameni msuka, yaani ule ulimi wa chuma unaoingia kwenye mpini. Ukifika mwisho wa mpini, kisu hicho kitazeeka na wewe. Ukiwa mfupi kama jino, mpini utalegea mwezi wa kwanza.

Wengi wanauliza juu ya kile kisu chekundu cha Uswisi chenye vitu vingi. Kilianza mambo ya jeshi. Mwaka 1891 fundi Karl Elsener alianza kuwapelekea askari wa Uswisi kisu cha kukunja chenye makali, kifungua mkebe, bisibisi ya kufungulia bunduki na sindano ya kutobolea. Ni kitu kizuri. Lakini kuna vya kuigiza kila mahali, na hivyo vina kasoro moja mbaya: makali yanajikunja juu ya vidole wakati unasukuma. Kabla ya kununua kisu chochote cha kukunja, kifungue na ugonge mgongo wake polepole juu ya meza, vidole vikiwa mbali. Kikilegea, kirudishe kwa mwenyewe.

Kisu butu ndicho kinachokata watu. Mtu ana mikono baridi, anasukuma kwa nguvu, kinateleza. Kwa hiyo jifunzeni kunoa. Jiwe la kunolea lenye pande mbili lilowesheni maji, anzeni na upande wa mchanga mkubwa. Laza kisu, kisha inua mgongo wake kidogo tu, kiasi cha kupitisha kalamu chini yake. Sukuma kama unayetaka kukata jiwe kipande chembamba, kutoka shina mpaka ncha, mara kumi upande huu, mara kumi upande huu, pembe isibadilike. Ukipitisha kidole kutoka mgongoni kuelekea nje, si kufuata makali, utasikia kijikwaru upande mmoja. Hapo hamia upande laini na punguza nguvu mpaka kijikwaru kiishe. Jaribu kwenye nyanya iliyoiva. Ikikatika bila kubonyea, umemaliza. Tupa ni ya panga na jembe, usiitumie kwa kisu cha jikoni, itakila chote.

Tena jambo la sheria. Kisu kinakaa ndani ya ala, na ala inakaa ndani ya mzigo. Usikifunge kiunoni ukipita mjini au ukipanda matatu. Polisi akikuuliza, huna la kusema la maana, na kutembea na silaha hadharani bila sababu ni kosa. Mgeni naye kisu chake hakiruhusiwi kuwa mkononi ndani ya ndege, mara nyingine kinachukuliwa uwanjani. Huyo atakuja kukodi chenu.

Hema, na kazi ya mafundi wetu

Kwa mlima, hema liwe na tabaka mbili: la ndani linalopumua na la nje la kuzuia mvua, lishuke karibu na ardhi. Hema la tabaka moja la bei ndogo hulowa kwa ndani kutokana na pumzi za watu, halafu mgeni anasema linavuja. Fito za alumini ni ghali kuliko zile za nyuzi za kioo, lakini ya alumini ikipinda inanyooshwa, ile nyingine hupasuka kwa urefu na kuchana kitambaa.

Adui wa hema ni wawili: jua na unyevu. Jua la miinuko yetu linakula nailoni. Hema likiachwa limesimama uani wiki nzima eti lipendeze, limezeeka mwaka. Na hema lililokunjwa likiwa bichi linaota ukungu kwa siku chache, harufu yake haitoki tena. Litandazeni kivulini penye upepo mpaka pindo zikauke, ndipo mlikunje. Chakula kisilale ndani. Pimbi wa kule Mackinder wamezoea watu, na panya hawabishi hodi, wanatoboa ukuta.

Si kila kitu lazima kitoke dukani. Wazee wengi wa Nanyuki wanajua habari ya wafungwa wa vita Waitalia. Januari 1943 watu watatu, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambi ya wafungwa ya Nanyuki, si kwa kukimbilia nchi nyingine, bali wapande mlima. Vifaa vyote walijitengenezea. Nyundo waliziwambawamba zikawa sururu za barafu, vyuma chakavu vikawa meno ya kuvaa chini ya viatu, kamba za katani zilizotoka kwenye vitanda zikawa kamba za kupandia. Picha yao mojawapo ya mlima ilikuwa karatasi ya mkebe wa nyama. Barsotti aliugua akabaki kambini. Benuzzi na Balletto walijaribu Batian wakashindwa, kisha wakafika Lenana na kusimamisha bendera yao. Wakarudi na kujisalimisha wenyewe. Walihukumiwa siku 28 za kifungo cha peke yao, wakatumikia 7, kwa kuwa mkubwa wa kambi aliuheshimu ule ujasiri.

Basi fundi wa jua kali wa hapa anaweza nini? Mambo mengi. Vigingi vya hema kwa nondo nyembamba, vifuniko vya mizigo vya turubai, ala za visu za ngozi, soksi ndefu za turubai za kuzuia tope, mikoba ya kutilia kila kitu. Hizo ni pesa zinazobaki kijijini. Lakini kamba ya kubeba uhai wa mtu, hapana. Wale Waitalia hawakuwa na njia nyingine, nyinyi mnayo. Kikundi kipya kisishike kabisa mambo ya kamba na vilele vya mawe.

Mikoba ya kitambaa itawafaa pia kwa sababu ya sheria. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja, pamoja na chupa za maji, haziruhusiwi ndani ya mbuga na misitu inayolindwa. Chupa za chuma au za plastiki ngumu za kujaza tena ni kitu kingine cha kukodisha.

Pesa na daftari

Tuseme hema limenunuliwa kwa shilingi 15,000, na mnalikodisha kwa 500 kwa usiku mmoja. Linarudisha pesa yake baada ya usiku 30. Lakini wageni wengi huja nyakati za kiangazi, Januari na Februari, na tena Julai mpaka Septemba. Usiku 30 huenda ukawa msimu mzima, na hapo hamjalipa fundi wa zipu. Kwa hiyo msinunue kumi. Nunueni mawili mazuri, na katika kila 500 wekeni 100 kando kwa matengenezo. Mkifika msimu wa pili mtajua wenyewe kama mnahitaji la tatu.

Kila kitu kipewe namba kwa rangi isiyofutika. Kinapotoka, watu wawili wanakitazama. Kinaporudi, wawili wale wale. Anayekodi anaacha amana, na amana hairudishwi mpaka hema limefunguliwa na kuhesabiwa vigingi. Ugomvi mwingi wa stoo hauletwi na wageni. Unaletwa na mwanachama anayesema, nipe tochi nitairudisha kesho, nina msiba. Msiba ni wetu sote, tochi ni ya kikundi. Aandikwe kama mtu mwingine yeyote, hata kama mmeamua asilipe.

Na mizani. Kule Kilimanjaro mzigo wa mpagazi una kipimo cha kilo 20. Wekeni mizani ya kuning'iniza mlangoni mwa stoo, ile ya kupimia gunia. Mgeni aone, mwongozaji aone, mbebaji mwenyewe asome namba. Tumeona vijana wakiongezewa kilo tano njiani kwa maneno matamu, na bila mizani hakuna wa kubisha. Kabla mzigo haujafungwa, mwenye stoo aulize mbele ya wote: godoro lako liko wapi, mfuko wako, tochi yako, jaketi yako? Kama moja halipo, safari haiondoki.

Sasa tutoke nje. Tumesimamisha mahema mawili nyuma ya jengo, moja la tabaka mbili na moja la bei ndogo, na kuna ndoo nne za maji. Tunataka akina mama wawili waingie ndani ya kila moja, halafu vijana wamwage. Waliokuja na visu vya nyumbani, jiwe liko mezani na nyanya zipo. Betri mlizoleta msizitupe kwanza, tutazipima moja moja.